Wanafunzi wangu kila shairi wanasema dhamira ni "amani": nifanyeje?

Swali

Jambo sana, Mama Mwalimu. Mimi ni mwalimu kijana hapa Goma, upande wa Ndosho. Kila Jumamosi mchana nakaa na wanafunzi wa sekondari kama arobaini, wa miaka 14 hadi 17, tunasoma mashairi ya Kiswahili. Wanapenda kukariri na kughani, lakini uchambuzi unatushinda. Nikiuliza dhamira, wanajibu "amani" au "upendo", shairi liwe la nini. Nikiuliza taswira, wanahesabu: tashbiha moja, sitiari mbili, halafu kimya. Vitabu hatuna, ni tablo na chaki tu. Tena wanachambua kwa Kiswahili chetu cha hapa, kimechanganyika na Kifaransa. Je, niwakataze? Naomba unielekeze.

Jibu

Jambo, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilijiona mwenyewe katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha. Nilikuwa na orodha ndefu ya tamathali za usemi, naiandika kwa chaki ya rangi, na wanafunzi waliimeza yote. Siku moja binti wa mwaka wa tatu aliniletea kaye yake, yaani daftari. Alikuwa ametaja tamathali saba katika shairi la beti tano, na hakukosea hata moja. Nikamuuliza, "Sasa, shairi linasema nini?" Akaniangalia kwa adabu, akajibu, "Mwalimu, hilo hatujafika." Alisema kweli. Nilikuwa nimewafundisha kuita vitu majina bila kuvitazama. Tangu siku hiyo nilihamisha mahali pa kuanzia. Siku hizi naanza na kitu chenyewe kilichomo katika shairi, jina la tamathali linakuja nyuma. Na dhamira siipokei mpaka iwe sentensi nzima, ambayo mwanafunzi anaweza kuirudisha ndani ya shairi akagusa neno kwa kidole.

Kwanza hiyo "amani". Wanafunzi wako si wavivu. Baada ya miaka ya mwanzo ya shule ya msingi masomo yao yamekuwa kwa Kifaransa, na huko neno "thème" wamelizoea kama nomino moja inayotoshea kwenye mstari mfupi wa karatasi ya mtihani: la paix, l'amour, la mort, yaani amani, upendo, kifo. Wanalihamishia kwenye Kiswahili jinsi lilivyo. Lakini lugha yetu imetupa neno lenye nguvu zaidi. Dhamira ni ndugu wa dhamiri, ile sauti ya ndani, na ni ndugu wa kitenzi kudhamiria. Hakuna anayesema "nimedhamiria amani" akanyamaza. Husema "nimedhamiria kurudi shule", "nimedhamiria kumsamehe jirani". Dhamira inadai kitenzi. Waambie hivyo Jumamosi hii, kwa maneno hayohayo, uone nyuso zao. "Amani" ni mada. Inakuwa dhamira siku mwanafunzi anapoweza kumalizia: shairi hili linasema kwamba amani inafanya nini, inamgharimu nani, inapotea wapi, inajengwa na nani.

Taswira nayo ina ukoo wake. Ni ya mzizi mmoja na sura. Penye taswira pana kitu chenye sura: kinaonekana, kinashikika, kinasikika, kinanuka, kinaonjeka. Mwanafunzi akikuambia "taswira ya huzuni", muulize ina sura gani. Huzuni haina sura. Sufuria tupu iliyofunikwa mezani ina sura.

Kabla hujafungua shairi lolote, tumia dakika kumi kwa vitendawili. Unacheka? Usicheke. Kitendawili ni taswira iliyonyang'anywa jina lake, na watoto wote wamekulia humo. Chukua kile cha "nyumba yangu haina mlango". Watapiga kelele, "Yai!" Hapo ndipo somo linapoanza. Waulize: yai lina mambo mangapi? Lina uvuguvugu likitoka kwa kuku, linavunjika upesi, lina uhai ndani, ni jeupe, lina umbo la mviringo. Mtega kitendawili ameyaacha yote hayo akachukua moja tu, kwamba limefungwa kila upande. Angetaka tufikirie udhaifu angechukua lile la kuvunjika. Angetaka tufikirie tumaini angechukua uhai ulio ndani. Kitu ni kilekile, lakini kila ukichukua upande mwingine maana inageuka. Mwanafunzi akilishika hili, umemaliza nusu ya kazi: taswira ni uchaguzi. Mshairi hakuokota kitu tu, alichagua sehemu ya kitu, na alichokiacha kinasema pia.

Wazee wetu walilijua hili kabla ya shule. Kwa Walega, huko Mwenga, Shabunda na Pangi, kuna kamba inayoitwa mutanga. Imetundikwa vitu vidogovidogo, manyoya, makombe, vipande vya miti, na kila kitu kimebeba methali yake. Mkubwa anashika kitu, methali inatoka. Kitu kinatangulia, maneno yanafuata. Kama una mwanafunzi Mlega darasani, mpe nafasi aulize nyumbani, aje awaeleze wenzake. Kama huna, funga kamba yako mwenyewe: ufunguo, kipande cha kandambili, punje ya mahindi, jiwe jeusi la volkano, biki iliyokwisha wino. Kila benchi lichague kitu kimoja na litunge msemo wake. Nilifanya hivi mwaka mmoja, na kijana aliyechukua biki iliyokwisha akasema, "Imeandika majina ya wengine mpaka ikafa." Sijaisahau sentensi hiyo. Ilikuwa na kitu, ilikuwa na kitenzi, na tayari ilikuwa na dhamira.

Sasa shairi. Nakupa moja nililotunga mwenyewe kwa ajili ya darasa, kwa sababu nilitaka kitu ambacho kila mtoto wa Goma anakijua kuliko mimi: chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Ni tarbia ya kawaida, yaani mishororo minne kila ubeti, mizani (silabi) nane kwa nane, beti nne. Linatosha kuandikwa tabloni, nao wakalinakili.

Giza bado halijesha, baba ameshika njia,
Chukudu aitembesha, makaa kaipakia,
Mlima aipandisha, hatua ahesabia,
Goti lake lina sugu, mdomo haujalia.

Kisha njia inashuka, chukudu yawa mshale,
Vumbi jeusi laruka, kama moshi wa kilele,
Raba nyuma inawaka, macho yatazama mbele,
Goti lake lina sugu, mdomo haujalia.

Jioni yu mlangoni, ametuletea unga,
Hukaa pale jikoni, goti lile alifunga,
Nimuulize ya nini, kicheko ndicho hutunga,
Goti lake lina sugu, mdomo haujalia.

Leo baba kanituma, chukudu iwe ni yangu,
Nimeshika, nainama, mbao yala goti langu,
Nageuka, asimama, atazama mwendo wangu,
Goti langu bila sugu, mdomo wake walia.

Lisomwe mara tatu kabla ya swali lolote. Mara ya kwanza soma wewe, polepole, bila kuonyesha hisia nyingi. Mara ya pili walighani wao, maana umesema wanapenda. Mara ya tatu wafumbe macho, mwenzao mmoja asome. Halafu uliza jambo moja tu: umeona nini? Usiulize maana. Mwanafunzi akikimbilia maana, mrudishe kwa upole, "Hiyo tutaifikia, niambie kwanza umeona nini." Wataanza: nimeona giza. Nimeona gunia la makaa. Nimesikia raba inalia barabarani, ingawa shairi halikusema inalia. Hilo la mwisho ni zuri sana, maana amejaza kwa sikio lake kilichoachwa.

Kisha gawa tablo safu mbili. Upande wa kushoto andika yote wanayoyajua kuhusu chukudu, na hapa kaa muda mrefu, dakika ishirini hata zaidi, usiwe na haraka. Mimi nilipofanya zoezi hili nilikaa kama mwanafunzi. Walinieleza mbao zinavyochongwa, gurudumu la mti linavyovishwa raba ya tairi kuukuu ili lishike barabara. Walinieleza mzigo: makaa, viazi, kabichi, magunia yanayoshuka kutoka Kibumba. Walinieleza kwamba mpandaji huweka goti moja juu ya mbao na kusukuma kwa mguu mwingine, na kwamba kwenye mteremko breki ni kipande cha raba kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Mmoja akataja ile sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye Rond-point Chukudu. Mwingine akataja bei ya kununua chukudu, mwingine adha za barabarani.

Upande wa kulia andika kile tu ambacho shairi limechukua. Watashangaa jinsi kilivyo kidogo. Makaa, mlima, mteremko, raba inayowaka, mbao, goti. Goti, goti, goti. Sasa waulize kuhusu vilivyoachwa. Bei iko wapi? Barabara iko wapi, ina jina? Na sanamu je, kwa nini haimo, wakati ndiyo fahari ya mji? Niliuliza hivyo, darasa likanyamaza kidogo, halafu kijana wa nyuma akasema, "Sanamu haina sugu, Mwalimu." Nilikuwa nimelitunga shairi mwenyewe na sikuwa nimeliona hilo. Mji umeiheshimu chukudu kwa rangi ya dhahabu, shairi linamheshimu mtu kwa ngozi yake iliyoganda. Ukisubiri namna hii wanafunzi watakufundisha. Lakini usipowapa ile safu ya kushoto hawana pa kusimama.

Sasa ndipo tamathali zinapopata kazi. "Chukudu yawa mshale" ni sitiari, "kama moshi wa kilele" ni tashbiha, na "mbao yala goti langu" ni tashihisi, maana mbao imepewa meno. Majina hayo wayajue. Ila kila jina lifuatwe na swali: imebadilisha nini? Jaribu kuiondoa. Sema "chukudu inakimbia sana" badala ya mshale. Nini kimepotea? Watakuambia mshale haugeuki ukishatoka, na anayeupanda hana hiari tena. Pia mshale una anayeurusha na una unapochoma. Hapo mwanafunzi ameanza kuchambua, na jina la tamathali limekuwa mlango tu wa kuingilia.

Kwenye moshi wa kilele nataka ukae zaidi, kwa sababu ndipo penye kosa ambalo vitabu vya mwongozo vinatufundisha. Vitabu vinapenda orodha: mvua ni baraka, usiku ni mateso, moshi ni hatari. Wanafunzi wakiikariri hawatazami tena. Mara ya kwanza darasa langu lote lilisema moshi wa volkano yetu ya Nyiragongo ni hatari, na lilikuwa na sababu. Mlima huo uliteremsha moto wake mjini tarehe 17 Januari 2002, na tena 22 Mei 2021, na hiyo ya pili wengi wao wanaikumbuka kwa miguu yao. Halafu binti mmoja akakataa. Akasema, "Moshi ule tunauona kila siku tukienda kuchota maji. Si hatari, ni kawaida." Wakabishana. Nikawaacha wabishane, nikawauliza swali moja tu: ubeti wenyewe unamsaidia nani? Wakarudi kusoma. Vumbi linaruka, raba inawaka, na baba anatazama mbele bila neno, kesho atashuka tena. Mwishowe waliunganisha majibu yote mawili: ni hatari ambayo imekuwa kawaida, na mwenye nyumba hashtuki tena. Jibu hilo halimo katika orodha yoyote ya alama. Limetoka kwa watoto wanaoishi chini ya mlima huo, na limethibitishwa na mistari ya shairi. Taswira inataka vyote viwili, ujuzi wa msomaji na ushahidi wa maneno. Ukimpa mwanafunzi kimoja tu, ama atakariri kitabu ama atabuni.

Kwa wanaobuni nina njia yangu. Kwenye kona ya tablo naandika LABDA. Mwanafunzi mmoja alisema goti ni sala, baba anamwomba Mungu njia nzima. Wazo zuri, kupiga goti ni kuomba. Nikamuuliza ni neno gani lingine katika shairi linalomshika mkono. Akatafuta, hakupata. Sikumwambia amekosea. Tuliliandika pale kwenye LABDA, na akaambiwa akilipata neno la pili alitoe huko. Wanafunzi wa umri huu wanaumia wakikataliwa mbele ya wenzao, hasa wavulana, na akiumia mara mbili hatanyanyua mkono tena mwaka mzima.

Baada ya hapo waonyeshe jambo dogo sana la lugha, ambalo kwa moyo wangu ndilo kiini cha shairi. Kiitikio kinasema mdomo "haujalia". Hakikusema "haulii". Waulize tofauti. Mwanafunzi akisema "sijala", ana maana gani? Kwamba hajala mpaka sasa, na bado anangoja kula. Ile "-ja-" inabeba kitu ambacho bado hakijatokea lakini kinangojwa. Mara tatu shairi limetuambia kilio kiko njiani, nasi tulikighani kwa sauti nzuri bila kukisikia. Kisha ubeti wa nne unafika, kiitikio kinabadilika, na kilio kinatoka, ila si pale tulipokitazamia. Mzigo wa makaa haukumliza, wala mteremko, wala maumivu ya goti. Kimemliza goti la mwanawe ambalo bado ni laini.

Usiwaambie haya. Waulize tu: kiitikio kimebadilika wapi, na nani sasa ana goti, nani ana mdomo? Wachore mistari kwa chaki kutoka "lake" hadi "langu", kutoka "haujalia" hadi "walia". Mwanafunzi wa miaka 15 akichora mwenyewe mistari hiyo miwili, nakuhakikishia hatakujibu tena "upendo" akakaa.

Hapo ndipo unapouliza dhamira, mwishoni kabisa, na kwa sharti. Andika tabloni: "Shairi linasema kwamba..." Kila benchi limalizie kwa sentensi moja yenye kitenzi. Sentensi zao zitakuwa nyingi, na zipimwe mbele ya wote. Ya kwanza huwa pana mno: shairi linasema kwamba wazazi wanatupenda. Uliza, je, mashairi mangapi yangesema hivyo? Mia. Basi bado. Ya pili huwa nusu: linasema kwamba kazi ya chukudu ni ngumu. Uliza, ubeti wa nne umeenda wapi? Sentensi inayoacha ubeti mzima nje haijafika. Darasa langu moja lilifika hapa: "Shairi linasema kwamba mzazi anaweza kuvumilia maumivu yake bila kulia, lakini hawezi kuvumilia kuyaona yakihamia kwa mtoto wake." Benchi jingine likasema: "Linasema kwamba umaskini hurithiwa kama mali." Sentensi hizi mbili si moja. Ya kwanza inatazama uso wa baba, ya pili inatazama chukudu inavyopita mkono hadi mkono. Nilizipokea zote, kwa kuwa kila moja iliweza kuonyesha maneno yake. Watakuuliza ipi ndiyo sahihi, maana wamezoea swali kuwa na jibu moja. Waambie sahihi ni ile iliyoleta shahidi, na mashahidi wanaweza kuwa wawili.

Kuhusu kuandika nitasema kwa kifupi. Usiwape insha ndefu, wape aya moja ya sentensi tano hadi saba. Mfano wa aya mbaya: "Katika shairi hili kuna tashbiha, 'kama moshi wa kilele'. Pia kuna sitiari. Dhamira ni upendo." Mfano wa aya iliyokubalika, kama nilivyoipokea kutoka kwa mwanafunzi na kuisahihisha tahajia tu: "Mshairi ameshika goti katika beti zote nne. Goti la baba lina sugu, maana yake limeumia mara nyingi mpaka ngozi ikawa ngumu. Baba hasemi kuhusu maumivu hayo, anacheka. Mwishoni goti la mtoto halina sugu, na hapo baba analia. Sugu lilikuwa kama ngao yake. Analia kwa sababu mtoto bado hana ngao." Ile ngao ameileta mwenyewe, na imekaa mahali pake. Ukisahihisha usihesabu tamathali. Piga mstari chini ya kila neno alilonukuu, kisha tazama kama sentensi inayofuata inalifanyia kazi lile neno au imelitelekeza.

Umeniuliza kama uwakataze Kiswahili cha Goma. La, mwanangu, usiwakataze. Mtoto anafikiri kwa lugha aliyolelewa nayo, na ukimfunga mdomo wakati anatafuta wazo, atakupa wazo dogo linaloenea katika msamiati wake mdogo wa shule. Wabishane kama wanavyobishana barabarani, na Kifaransa kikiingia kiingie. Wakati wa kuandika ndipo unapowaomba sanifu, na hapo mwalimu una kazi ya kuwapa maneno wanayohitaji kwa siku hiyo, matano au sita, si thelathini. Kwa shairi hili wangehitaji taswira, dhamira, nafsineni (yule anayesema katika shairi), kiitikio, ubeti, mshororo. Wape pia maneno ambayo mshairi ameyafupisha, kama "halijesha" kwa "halijaisha", wajue kwamba ni ruhusa ya ushairi inayoitwa inkisari, wasidhani ni makosa. Katiba yetu ya Kongo imekihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na hakuna mtoto wa mji huu anayepaswa kuona aibu kwa namna kinavyotoka mdomoni mwake. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu nimewaona wanafunzi wenye akili kali wakinyamaza miaka mizima kwa kuogopa kuchekwa lafudhi.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha. Wanafunzi wako wamepita katika Januari 2025, vita vilipoingia mjini. Baadhi wamezika. Baadhi wamelala kambini kabla na baada. Shairi linaweza kufungua mlango ambao hukujua upo. Hata hili la chukudu, ambalo halina risasi hata moja, lilimtoa darasani mtoto ambaye baba yake hakurudi. Kwa hiyo fuata kanuni moja bila kuivunja: zungumza juu ya nafsineni, usizungumze juu ya mwanafunzi. Uliza "anayesema katika shairi anahisi nini", kamwe usiulize "wewe ungehisi nini" wala "nani kati yenu amepatwa na haya". Ile nafasi kati ya nafsineni na mtoto ni ukuta unaomkinga. Akitaka kuuruka mwenyewe na kusimulia, msikilize, usimpe alama kwa hilo, na usimsahihishie Kiswahili siku hiyo. Akitaka kutoka nje, atoke, na rafiki mmoja amfuate. Mashairi ya vita yenyewe yaache kwa sasa. Kuna taswira tele za kujifunzia katika maji, unga, mlango, kiatu na chukudu.

Jumamosi ya kwanza usitegemee kumaliza. Vitendawili, kusoma mara tatu na safu mbili za tablo vitakula saa nzima, na ni sawa. Dhamira iache kwa Jumamosi ya pili. Watarudi wamekwisha kubishana njiani, na wengine watakuwa wamemuuliza mpanda chukudu wa kweli kuhusu goti lake. Hao wape nafasi ya kwanza kusema.

Na ukiliandika shairi tabloni, tafadhali usiusahihishe mshororo wa mwisho ukidhani nimesahau kiitikio. Watakuuliza "walia" ni machozi au ni sauti, na kama baba analia kwa huzuni tu au pia kwa sababu mwanawe amekuwa mtu mzima. Mimi wameniuliza kila mwaka, nami kila mwaka nimewajibu warudi kwenye ubeti.